Kisa cha mjomba: askari 16, vila 9, na laiseni ambayo hakuwa nayo

Mwezi wa tano 2024, masika yashashika, vila nyingi hapa Malindi upande wa Casuarina zilikuwa tupu manake msimu ulikuwa chini na Wataliano wengi washarudi kwao, na usiku mmoja kama saa tisa hivi watu wanne wakaruka ukuta wa vila moja wakamkuta askari kwenye kibanda chake. Alikuwa na tochi, rungu na filimbi. Alipiga filimbi. Wakamkata panga mkono wa kulia, chini kidogo ya kiwiko, wakabeba jenereta ndogo, televisheni mbili na pampu ya kidimbwi wakaenda zao. Soja wa vila ya jirani ndo aliyemfunga mkono na shati lake akamtafutia bodaboda mpaka hospitali.

Kijana huyo aliyekatwa alikuwa ameandikwa kazi na mjomba wangu. Wote wawili wamenikubalia niandike, majina yao na jina la biashara nayaacha, ila mambo mengine nayaeleza vile yalivyokuwa, manake tangu wiki ile mimi ndo nashika faili la mjomba na nimeona watu wengi hapa Malindi na Watamu, na nasikia Lamu pia, wanafanya biashara ya ulinzi kwa njia ile ile aliyofanya yeye, na wengi ni watu wema tu ambao hawajui wamesimama wapi kisheria.

Mjomba ni polisi mstaafu. Alianza 2017 na vijana watatu, kazi ikakua, mpaka 2024 alikuwa na askari 16 kwenye vila tisa, Casuarina na Silversands, mahali pengine mchana na usiku, pengine usiku peke yake. Alisajili jina la biashara kwa eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, na kibali cha biashara cha kaunti ya Kilifi alilipa kila mwaka bila kukosa, alikitia fremu akakitundika ukutani juu ya meza yake. Mteja akimuuliza laiseni alikuwa anamnyooshea kidole pale ukutani. Na hakuwa anamdanganya mtu, yeye mwenyewe aliamini ndo hiyo.

Kibali cha kaunti kinasema tu umelipia kufanya biashara mahali fulani, ni kile kile anacholipa mwenye duka la viatu. Hakisemi umekaguliwa kuweka watu kwenye geti la mtu usiku. Kwa hilo kuna sheria yake, ile ya kudhibiti ulinzi binafsi, namba 13 ya 2016, na mamlaka yake ambayo watu wanaijua kwa herufi zake, PSRA. Kabla ya hapo hakukuwa na mdhibiti wa sekta hii peke yake, ukisajili kampuni na kununua sweta na rungu basi wewe ni kampuni ya sekyuriti. Sheria ilipita wakati nchi bado ina kidonda cha mashambulizi ya magaidi, duka la Westgate Nairobi Septemba 2013 walikufa watu 67, Mpeketoni Juni 2014, chuo kikuu cha Garissa Aprili 2015, na sisi wa pwani hatuhitaji kukumbushwa, mahoteli yalifungwa na vijana wakarudi nyumbani. Kwenye majengo mengi mtu wa kwanza kukutana na hatari ni askari wa kampuni, sio polisi, na huyo askari hakuna aliyekuwa na orodha yake popote.

Sasa jambo ambalo mjomba hakulijua, na mimi pia sikulijua mpaka niliposoma sheria yenyewe usiku tatu mfululizo, ni kwamba usajili uko mara mbili. Kampuni inasajiliwa, na kila askari pia anasajiliwa peke yake kama mtu. Hakuna kusema kampuni ina cheti basi vijana wote wamefunikwa humo ndani. Na sio walinzi wa geti peke yao, wanaofunga alamu na kamera za CCTV wamo, wapelelezi binafsi wamo. Watu wengi wanaanza juu, wanakimbilia cheti cha kampuni, halafu wanakwama kwa sababu kampuni inaulizwa orodha ya askari na orodha haina kitu nyuma yake. Mimi naona ingefaa mtu aanze chini, aanze na faili la askari mmoja, kisha wa pili, cheti cha kampuni kije juu ya hao.

Nirudi kwenye ule usiku, manake asubuhi yake ndo mambo yote yalifumuka pamoja.

Polisi walipokuja kuandika maelezo walimuuliza mjomba namba ya usajili ya kampuni na ya askari. Hana. Mwenye vila, mama wa Kitaliano ambaye ameishi hapa miaka mingi na anaongea Kiswahili vizuri, alikuwa na bima ya nyumba, na watu wa bima wakamuomba cheti cha kampuni inayolinda na nakala ya kandarasi. Kandarasi ilikuwa ni maneno ya mdomo na risiti za kila mwezi. Hospitali nayo inataka pesa, na mjomba hakuwa na bima ya wafanyakazi, ile ya sheria ya kuumia kazini, WIBA ya 2007, ambayo ni lazima kwa mwajiri. Alikuja dukani kwangu mchana (nafanya kazi za hesabu na fomu za mtandaoni karibu na soko), hata shikamoo yangu hakuiitikia, akakaa akasema, "Mpwa wangu, nisomee hizi karatasi, mimi macho yameniingia giza."

Nilimwambia mjomba tuanze na kijana, kampuni baadaye. Na hapa naomba mtu yeyote mwenye askari hata wawili asome pole pole. Kukosa bima hakumwondolei mwajiri deni. Sheria ya WIBA inasema mwajiri anawajibika mfanyakazi akiumia kazini, bima ni ya kumsaidia mwajiri kulipa, ikikosekana analipa kwa mfuko wake. Ajali inaripotiwa idara ya usalama na afya kazini, daktari anapima ulemavu uliobaki kwa asilimia, na hesabu ya ulemavu kamili wa kudumu ni mapato ya miezi 96. Kijana alikuwa analipwa 8,500 kwa mwezi, mara 96 ni 816,000. Daktari aliandika asilimia 15, vidole viwili havikunji sawasawa tena, kwa hivyo ikatoka 122,400. Mjomba hakubisha hata shilingi, na kwa hilo namheshimu, lakini hakuwa nazo.

Mimi hesabu hiyo bado inaniuma. Imepigwa juu ya 8,500, na 8,500 yenyewe haikuwa mshahara wa halali. Ukimlipa mtu kidogo kuliko sheria halafu akikatwa mkono fidia yake inapimwa kwa ule ule mshahara mdogo, umemkata mara mbili. Nilimwambia mjomba hivyo, akanyamaza kwa muda mrefu.

Hapo ndo tukaingia kwenye masaa. Kuna amri ya mishahara ya sekta ya ulinzi, ya 1998, inasema wiki ya kazi ya askari ni masaa 52 yaliyogawanywa siku sita. Askari wa mjomba walikuwa wanaingia saa kumi na mbili jioni wanatoka saa kumi na mbili asubuhi, siku saba. Kumi na mbili mara saba ni 84. Yaani kila wiki kila kijana alikuwa na masaa 32 ya ovataimu ambayo hayakuandikwa popote wala kulipwa, na hata angewapumzisha siku moja bado ingekuwa 72, ishirini juu ya kiwango. Mjomba alishtuka kweli kweli. Yeye kwenye polisi alikuwa amezoea zamu ndefu, akaona ni kawaida ya kazi. Alikuwa anawanunulia chai na mkate kila usiku, mtoto wa askari akiugua anatoa pesa, mazishi anakwenda mpaka Ganda mpaka Marafa, na moyoni mwake alijiona mwajiri mzuri. Na alikuwa mzuri, kwa kila kitu ambacho hakiandikwi.

Bei ilikuwa shida yenyewe. Alikuwa anamtoza mwenye vila 15,000 kwa askari mmoja kwa mwezi. Tulikaa siku mbili tukapiga hesabu upya: mshahara wa kisheria wa eneo letu, ovataimu, NSSF, ile akiba ya uzeeni ambayo mwajiri naye anachangia, ada ya nyumba asilimia 1.5 kwa askari na 1.5 nyingine kwa mwajiri, bima ya WIBA, yunifomu, mafunzo, na mtu wa kumpumzisha askari siku yake ya saba, manake kila askari sita wanahitaji mmoja wa zamu, kwa hivyo kwa askari 16 lazima uandike wengine watatu. Bima ya afya tukaiandika pia, wakati ule ilikuwa NHIF, tangu Oktoba 2024 ni SHIF asilimia 2.75 na inakatwa kwa askari mwenyewe. Tukafika karibu 31,000 kwa askari mmoja, na hapo mjomba faida yake ni ndogo. Mara mbili ya bei ya zamani na zaidi. Novemba 2023 PSRA walitangaza mshahara wa chini wa 30,000 kwa askari wa Nairobi, makampuni yakapiga kelele na mambo yakaenda mahakamani, na watu wengi walichukulia ile kama ndoto ya Nairobi, lakini ukikaa na kalamu hapa hapa Malindi, ukalipa masaa yote vile yalivyofanywa, unaona kwa nini namba zinapanda vile.

Ndo maana nasema laiseni ilikuwa inamkwepa mjomba hata kama angejua kuiomba. Ukiomba usajili wanataka uonyeshe kodi zako ziko sawa, michango ya NSSF imelipwa, bima ipo, askari wana mafunzo. Kwa 15,000 huwezi kuonyesha hata kimoja. Bei yenyewe ndo ilikuwa inavunja sheria kabla mtu hajavaa yunifomu.

Basi tukaanza. Jina la biashara halikutosha tena kwa vile alivyotaka kukua, tukasajili kampuni ya limited, yeye na mkewe madirekta, tukatoa CR12 inayoonyesha wenye hisa. Hapo katikati akatokea bwana mmoja wa Kitaliano, anasimamia vila kadhaa, akasema ataleta pesa zote zinazohitajika akipewa asilimia 80 ya kampuni. Pesa ilikuwa tamu. Lakini sheria inataka kampuni ya ulinzi yenye wageni ibakishe angalau asilimia 25 ya hisa kwa Wakenya, kwa hivyo 80 haiwezekani hata wakikubaliana wao wawili. Bwana yule akasema basi ziandikwe 25 kwa jina la mtu mwingine na chini ya meza wajuane wenyewe. Mjomba alikataa na alikataa kwa sauti, nilisikia kutoka nje. Nilifurahi sana siku ile.

KRA, watu wa kodi, ilituchukua muda, ritani za miaka minne hakupeleka, faini na riba zikajilimbikiza, tukaomba kulipa kidogo kidogo. Sitaeleza sana hapo, kila mwenye biashara anaijua hiyo njia.

Askari ndo kazi. Kila mmoja: kitambulisho, PIN ya KRA, namba ya NSSF, cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi ya polisi, ambacho unalipia 1,050 kwa eCitizen halafu unakwenda kuchukuliwa alama za vidole, na mafunzo kwenye chuo kilichoidhinishwa. Kwa vijana wanaolipwa 8,500 ile 1,050 ni chakula cha wiki nzima nyumbani, na nimeona waajiri wanawaambia askari wajilipie wenyewe. Nilimuomba mjomba alipe yeye, akauza pikipiki yake akalipa.

Kati ya wale 16, wawili hawakupita. Mmoja alikuwa na kesi ya zamani ya kupigana, cheti kikarudi na rekodi. Alilia. Ni mtu wa watoto wanne na kwa miaka mitano hakuwahi kukosa zamu, na mimi siamini kwamba alikuwa hatari kwa mtu yeyote, lakini mjomba hakuweza kumweka getini tena, akamtafutia kazi ya bustani kwenye vila moja. Wa pili alikuwa ni supavaiza wa usiku, na huyu alikuwa polisi aliyeko kazini bado, rafiki wa mjomba, alikuwa anapitia magetini akiwa ofu. Hiyo haikubaliki, polisi hawezi kuwa na ajira nyingine ya kumlipa, na kampuni inayoomba usajili huku supavaiza wake ni afisa anayehudumu inajichimbia shimo. Mjomba aliona vigumu kumwambia kuliko vile alivyoona vigumu kumkataa yule Mtaliano.

Halafu yunifomu. Mjomba 2017 alishona shati na suruali za buluu kwa vijana wake, na zilikuwa nadhifu. 2018 polisi wa Kenya wakapewa yunifomu mpya ya buluu. Yeye hakubadilisha, na ukiwaona vijana wake kwa mbali barabara ya Casuarina usiku unaweza kudhani ni polisi. Yunifomu ya mlinzi binafsi haitakiwi kufanana na ya polisi wala jeshi, na hili sio urembo, mtu akikimbia kuomba msaada anahitaji kujua anakimbilia nani, na kijana mwenye rungu peke yake akidhaniwa ni polisi mwenye bunduki anaweza kupigwa risasi kwanza. Zikashonwa upya, rangi ya damu ya mzee, na beji yenye jina na namba.

Kuhusu bunduki, wateja wawili waliuliza kama kampuni ikipata laiseni askari watabeba. Hapana. Silaha iko chini ya sheria yake, sura ya 114, usajili wa PSRA haukupi bastola. Hata magari ya pesa unayoyaona mjini yanasindikizwa na polisi kwa sababu hiyo.

Kitu kilichonigusa zaidi kwenye mambo haya yote ni ile namba ya askari wanayoiita GFN, yaani Guard Force Number. Askari akishapata mafunzo na kusajiliwa anapewa namba yake, na namba ni yake, sio ya kampuni. Akihama anakwenda nayo. Zamani hapa kijana akigombana na mwajiri anaanza upya kama mtu asiyejua kazi, miaka sita ya geti inafutika kwa neno la bosi mmoja. Siku vijana walipopata namba zao mmoja alinijia dukani akaniomba nimlaminishie karatasi, nikamwambia hii unaweza kuiweka kwa simu tu, akasema, "La dada, nataka mamangu aione."

Wateja sasa. Mjomba aliwaandikia wote tisa barua, akaeleza bei mpya na sababu zake. Watano wakaondoka. Wawili kati yao walichukua kampuni nyingine ya bei ya chini, watatu wakaandika korokoroni wao wenyewe moja kwa moja wakidhani wameikwepa sheria. Hawakuikwepa. Ukimwandika askari wewe mwenyewe umekuwa mwajiri, masaa yake, NSSF yake na mkono wake akikatwa ni juu yako, na sasa huna hata kampuni ya kugawana nayo lawama. Wanne walibaki, na yule mama wa Kitaliano wa vila iliyoibiwa ni mmoja wao, ingawa bima yake ilimsumbua miezi mingi kwa sababu ya makaratasi ambayo hatukuwa nayo. Alisema angelipa hii bei tangu mwanzo kama angeambiwa ndo bei. Sijui kama wote wangesema hivyo, lakini nimewaza sana kwamba mjomba kwa miaka saba hakuwahi kumuuliza hata mteja mmoja.

Kutoka askari 16 alibaki na tisa, pamoja na wa zamu. Cheti cha kampuni kilitoka, kiko kwenye fremu ile ile, kibali cha kaunti kimeshuka kimekuwa chini yake. Wale waliopunguzwa walilipwa haki zao pole pole, na wanne kati yao wameshapata kazi kwenye hoteli, hao wenye hoteli waliuliza namba kwanza kabla ya kuuliza jina.

Kijana aliyekatwa amerudi kazini lakini sio geti la usiku, anashika kitabu cha OB, kile cha kuandika matukio, na ratiba za zamu mchana pale ofisini, anaandika kwa mkono wa kushoto na mwandiko wake sasa unasomeka. Fidia yake mjomba anailipa 6,000 kila tarehe tano, tumeandikiana na kijana ameweka nakala kwa mamake. Mpaka sasa ni miezi kumi na moja, 66,000, imebaki 56,400.